Mzee Mmoja, Vitabu Viwili

Mtendeni, Tabora
9 Novemba 1952

Mvua ya kwanza imenyesha leo katikati ya misa, ikapiga bati hadi padri akakatiza mahubiri akasimama tu, mikono juu ya mimbari, kama mtu anayengoja treni. Watu walifurahi. Mama alinifinya paja kwa furaha. Mimi niliangalia maji yakiingia chini ya mlango, nikawaza kwamba baiskeli ya Baba imeachwa nje.

Hivi ndivyo nilivyo tangu nimalize shule. Nafasi ya kusomea ualimu sikupata, nimeambiwa ningoje. Silii, sicheki. Napika, nafua, nakaa na Babu Lugembe, baba yake Baba, ambaye hakuja misa kwa sababu hajabatizwa na hataki. Shuleni tuliongea Kiingereza darasani na Kiswahili bwenini, na katika lugha zote mbili mimi nilikuwa yule asiyeinua mkono.

14 Novemba

Bwana Nassibu amekubali kuwa wakala wangu. Nikiliandika neno hilo naona aibu, kama nimevaa viatu vya mtu mkubwa.

Ana meza na mashine ya taipu kwenye baraza ya fundi cherehani. Zamani alipanga herufi katika kiwanda cha kuchapa huko pwani, kwao Uzaramo. Siku hizi anawaandikia watu barua za kesi na maombi ya kazi. Lakini kwa wanaotunga vitabu anafanya zaidi: anajua ofisi ipi inatafuta nini, anaandika kwa niaba yako, anasimamia mapatano, na kitabu kikichapwa anapata fungu lake. Waandishi wake ni wawili, dresa mmoja mstaafu, mfunga vidonda wa hospitali, anayetunga kitabu cha usafi, na mimi.

Nilimpelekea kurasa nilizoandika za safari ya Babu, ujana wake, alipobeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku mpaka pwani, kabla ya reli. Alizisoma amesimama.

"Binti Kasimiri, haya ni mazuri. Lakini wachapaji hawasomi kitabu kizima cha mtu wasiyemjua. Kwanza tunawapelekea pendekezo. Kurasa mbili: kitabu kinahusu nini, nani atakisoma, kinaishaje. Na sura moja ya kuwaonjesha."

"Mwisho sijui."

"Unasemaje? Sema, usimeze."

"Mwisho wake sijui bado."

"Tutautafuta. Una kingine?"

Nikamtajia nyuki. Wajomba zangu kule Ipole wana mizinga mingi, na nikiwa mdogo nilikuwa nikifuatana nao porini. Akaandika hilo pia. Hiki kikikataliwa, alisema, kile kipo. Kwa hiyo sasa nina vitabu viwili, na hakuna hata kimoja.

16 Novemba

Mvua. Nimechambua karanga za mbegu.

23 Novemba

Bwana Nassibu alikuja nyumbani kumsikiliza Babu kwa masikio yake mwenyewe. Mama alimpa kigoda kizuri, naye hakukaa, akaenda moja kwa moja kwa Babu akamvuta kile alichokalia.

"Ondoka hapo, mla kumbikumbi. Hiki ni changu."

"Nani amemfungulia mla pweza huyu?" Babu akasema. "Kasimiri! Mtumwa wangu amerudi, na amenenepa!"

Nilitaka kukimbia, hadi nilipomwona Mama anacheka. Ni watani. Wanyamwezi na Wazaramo wana utani huo tangu wapagazi walipokuwa wakifika pwani na kulala kwenye vijiji vya watu. Mtani anakutukana nawe hukasiriki. Anachukua kitu chako, hudai. Bwana Nassibu aliondoka na jogoo wetu chini ya kwapa na Babu alimsindikiza kwa matusi mpaka barabarani, uso unang'aa kama kijana. Sijapata kumwona hivyo.

Kati ya hayo yote walizungumza. Babu alifungua shuka akatuonyesha bega la kulia, ile sugu ya mzigo. Nilipoigusa ilikuwa ngumu kama kisigino. Alieleza jinsi kirangozi, yule anayetangulia msafara, alivyokuwa akianzisha wimbo watu wakianza kulegea, na jinsi yeye Babu alivyomtukana kirangozi wao kwa wimbo huo huo, mbele ya msafara mzima, kwa kuwa aliwapitisha kwenye matope.

"Na kubatizwa je, mzee?" Bwana Nassibu akauliza, kalamu mkononi. "Mwanao fundi seremala wa misioni, mkweo anaimba kwaya, mjukuu kasoma kwa masista. Wewe lini?"

"Andika nimebatizwa jana," Babu akasema. "Andika nimekuwa askofu. Na wewe ndiwe punda wangu."

Tulicheka wote. Mimi nilitabasamu, maana nilijua ndipo pa kucheka. Baba peke yake aliangalia pembeni.

4 Desemba

Mapendekezo yameondoka na treni ya barua, bahasha mbili za ofisi mbili. Bwana Nassibu alilamba stempu kwa makini sana.

25 Desemba

Noeli. Wali, kuku, maembe. Babu alikula akalala.

3 Januari 1953

Uyoga umeota mwingi. Mama ameuanika. Hakuna barua.

12 Januari

Majibu yamekuja yote mawili kwa treni moja.

La kwanza, la ofisi ya vitabu Nairobi, lilikuwa kwa Kiingereza, na Bwana Nassibu Kiingereza chake ni cha kwenye risiti. Nikamsomea pale barazani huku fundi amesimamisha cherehani asikilize. Kitabu cha nyuki hawakitaki, wanacho tayari. Cha safari wanakitaka: kambi, nyimbo, utani, desturi za njiani. Mswada mzima uwafikie kabla ya Pasaka, na wanataka kuhakikishiwa kwamba hakuna mwingine aliyepewa.

"Hakuna, si ndiyo?" nikauliza.

Bwana Nassibu alikuwa ameshika jibu la pili, la kiwanda cha kanisa kimoja kinachochapa vitabu vya Kiswahili. Akanipa. Wanafurahi kupokea pendekezo la maisha ya mzee mpagazi ambaye, baada ya kubeba mizigo ya dunia, aliitua yote siku ya ubatizo wake.

"Mzee gani huyu?"

"Wako."

"Babu hajabatizwa."

"Alinipa mwenyewe, ulikuwepo. Alisema andika. Mtani akikupa umepewa." Akacheka kidogo. "Mimi Mwislamu nimembatiza babu yako kwa taipu. Usinitazame hivyo. Wewe ulikuwa huna mwisho, nimekutafutia. Kitabu hicho kitauzwa kila parokia mpaka Nzega. Baba yako atakisoma."

Ningepaswa kukasirika. Lakini Babu hakasiriki naye, na utani wa Babu ndio wangu pia. Hizo ni sababu za kuandika hapa. Ukweli ni kwamba nilijitafuta ndani niione hiyo hasira, sikuiona. Niliona tu kwamba mwisho ule ni mzuri.

"Nimjibu nani?" akauliza.

Nikainua mabega.

"Basi hatumkatai yeyote. Andika vyote. Kitakachokamilika kwanza ndicho tutakachokitia sahihi, kile kingine tutasema mwandishi ameugua."

20 Januari

Asubuhi naandika cha Nairobi, alasiri naandika cha kanisa. Katika cha asubuhi Babu anavuka Ugogo akitukana. Katika cha alasiri anavuka Ugogo huku moyoni anatafuta kitu asichokijua jina lake. Njia ni ile ile, kambi ni zile zile, nabadilisha mdomo tu.

27 Januari

Mvua. Karatasi zimelowa kwenye pembe, wino umesambaa.

2 Februari

Nimeanza kuchoka na Babu yule wa kweli. Nikae nimuulize jambo, ananijibu lisilofaa popote. Leo nimemuuliza alijisikiaje alipoiona bahari mara ya kwanza. Wa asubuhi angeimba, wa alasiri angepiga magoti. Yeye akasema, "Nilikuwa naharisha, mke wangu," maana ndivyo anavyoniita kwa utani wa babu na mjukuu. Halafu akataka nimtafunie karanga.

Nilimtafunia. Nilimwangalia mdomo unavyofanya kazi na nikajikuta nawaza kwamba wale wawili ninao vizuri zaidi kuliko huyu.

11 Februari

Babu anakohoa.

18 Februari

Jumatano ya Majivu. Sote tumerudi na majivu kwenye paji la uso. Babu akasema tumepika vibaya.

Kikohozi kimekuwa kichomi. Dresa, yule yule mwandishi mwenzangu, amekuja amemdunga sindano, akamwambia Baba nje ya mlango maneno ambayo Baba hakutuambia. Jioni padri alikuja. Babu alimpokea vizuri kabisa, akamkaribisha kigoda, akamuuliza habari za nyumbani kwao.

"Lakini maji yako, baba, rudi nayo," akamwambia. "Nikienda huko kwenu sitamkuta mtu wa msafara wangu hata mmoja. Nitakaa na nani?"

Padri alicheka. Baba hakucheka. Nilimsikia uani akimwambia Mama, "Nimejenga altare nzima kwa mikono hii, Apolinaria. Na baba yangu nimzike porini?" Nilidhani Baba anataka Babu atii. Kumbe anaogopa hawatakutana tena baada ya kufa. Sikulijua hilo, na ninaishi nyumba moja naye.

25 Februari

Nimeimaliza sura ya ubatizo.

Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika, katika lugha yoyote. Babu analia ndani yake. Maji yanashuka begani, kwenye ile sugu, nayo inalainika. Nilimsomea Bwana Nassibu barazani na yeye akavua miwani akafuta macho kwa kitambaa cha fundi.

"Wallahi, umemwokoa, hata mimi karibu unitie ndani ya kanisa," akasema.

Nimerudi nyumbani nikamkuta Mama anambadilisha Babu shuka. Sasa niandike jambo ambalo siwezi kulisema hata kwenye kitubio: nilisimama mlangoni nikatamani akubali kubatizwa. Si kwa ajili ya roho yake. Kwa ajili ya sura yangu, iwe kweli.

5 Machi

Mvua. Hali ni ile ile.

9 Machi

Babu amefariki leo mchana. Nitaandika yote kwa mpangilio, kwa sababu nikiacha sitarudi tena.

Baba alikuwa kazini misioni. Mama alikwenda shamba kuona kama maji yamechukua matuta. Mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba ukitaka kusikika lazima upige kelele, na mimi sipigi kelele. Babu alikuwa anapumua kama mtu anayeburuta kitu. Nilikaa kwenye kigoda karibu na kichwa chake.

Shuleni masista walitufundisha kwamba mtu akiwa katika hatari ya kufa na padri hayupo, yeyote anaweza kumbatiza. Maji juu ya kichwa, na maneno. Mpumbavu anaweza, mtoto anaweza. Nayajua maneno hayo kama ninavyojua jina langu. Nilichota maji mtungini nikarudi nayo na kikombe. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa nimelishika lile jambo zima mkononi: Babu na Baba mahali pamoja, kaburi la misioni, kengele, kitabu, na sura yangu kuwa kweli.

Akafungua macho akakiona kikombe.

"Nipe," akasema.

Nikamwinua kichwa. Kilikuwa kizito na cha moto. Akanywa. Nilikuwa na nafasi, paji la uso lilikuwa hapa, chini ya kidole changu, na maji yalibaki nusu. Sikuyamwaga. Ningependa kuandika kwamba nilimheshimu. Sivyo. Nilikuwa naangalia koo lake linavyopanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza tangu Januari sikuwa natafuta neno la kulieleza.

"Yana moshi," akasema. Ni kweli, Mama alikuwa ameufukiza mtungi jana.

Nikamlaza. Mvua iliendelea. Baada ya muda nikatambua kwamba ile sauti ya kuburuta haipo.

Baba alifika amelowa chapachapa, Bwana Nassibu nyuma yake, wamekutana njiani. Mama alikuwa amesharudi, ameanza kulia. Baba alimfumba Babu macho kwa mkono wake wenye vumbi la mbao. Kisha akanigeukia.

"Tekla. Ulikuwa naye peke yako?"

"Ndiyo, Baba."

"Ulimwagia maji?"

Wote waliniangalia. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwemo chumbani. Neno moja tu, na wangeliamini, kwa kuwa mimi sijawahi kusema uongo. Sijawahi kusema kitu. Nilimwona Baba anavyoniomba kwa macho, mtu mzima. Nyuma yake Bwana Nassibu aliinamisha kichwa kidogo, hivi, kama kusema sema.

"Alikunywa," nikasema.

"Nimeuliza kama ulimwagia."

"Hapana, Baba. Aliomba maji, akanywa."

Baba hakunipiga wala hakunikaripia. Alitoka akasimama uani kwenye mvua, na hakuna aliyemfuata.

10 Machi

Asubuhi, kabla ya kuondoka kwenda mazishini, Bwana Nassibu alinivuta pembeni.

"Umesema hapana mbele ya baba yako. Ni sawa, hayo ni ya nyumbani. Wachapaji hawakuwepo. Ile sura ilete, tukitoka kuzika naipeleka kwenye treni. Nani atafufuka kuja kubisha?"

Niliifunga sura kwenye upindo wa kanga nikaenda nayo. Sijui kama nilikuwa nimeamua. Nadhani nilikuwa nabeba tu.

Babu amezikwa kwenye kiwanja chake cha zamani, njia ya kwenda Ipole, kwa kuwa makaburi ya misioni ni ya waliobatizwa. Mvua ilikuwa imepumzika. Wachimbaji walipomaliza na watu wakataka kumwinua marehemu, Bwana Nassibu akavua viatu akashuka kaburini, akalala chali.

"Hapa pamejaa!" akapaza sauti kutoka chini. "Nimepanga mimi! Huyo mla kumbikumbi wenu mtafutieni kichuguu!"

Ndiyo kazi ya mtani msibani. Asipofanya hivyo marehemu hajaheshimiwa. Lazima apewe kitu ndipo atoke. Mmoja akamtupia senti, akazirudisha. Shangazi mmoja akamtolea kuku, akasema kuku huyo amefanana na marehemu shingo, hamtaki. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Baba alisimama kichwani pa kaburi kama gogo.

"Mjukuu wake yuko wapi?" Bwana Nassibu akaita. "Yule bubu! Mkewe! Aje anitoe, ama nalala hapa hapa!"

Nikasukumwa mbele. Nilimwona chini kule, matope kwenye kanzu, anakenua, na macho yake hayacheki, yanangoja kile kilichomo kwenye kanga. Nikafungua upindo.

"Chukua," nikasema.

"Sisikii!"

"Chukua!" Sauti yangu ikatoka kubwa, nikaisikia ikirudi kutoka kwenye miti. "Hii ni habari ya Babu alivyobatizwa. Alilia, akapiga magoti, akawa askofu, na wewe ukawa punda wake! Nimekupa, mla pweza wee! Toka kwenye nyumba ya mume wangu!"

Kicheko kikapasuka, wanawake wakapiga vigelegele. Bwana Nassibu alishika kurasa kifuani akanitazama. Alielewa kabla yangu mimi. Jambo likishatolewa kwa mtani mbele ya kaburi, watu wote wakalicheka, ni utani milele. Hakuna anayeweza kulipeleka mahali kama kweli, labda awe hana haya mbele ya nusu ya Tabora.

"Nimelipwa," akasema polepole, akanyoosha mkono avutwe.

Aliyemvuta ni Baba. Nilidhani analia, mabega yalikuwa yakitikisika. Alipogeuka nikaona kwamba Baba anacheka, machozi yanamshuka, anacheka na hawezi kujizuia. "Askofu," akawa anasema. "Askofu. Ah, baba."

22 Machi

Baba ameomba misa kwa ajili ya Babu. Padri amesema kuwaombea wasiobatizwa hakukatazwi. Baba amerudi ametulia, akaniuliza Babu alisema nini mara ya mwisho. Nikamwambia yana moshi. Akamtazama Mama.

8 Aprili

Pasaka imepita. Sikupeleka mswada hata mmoja.

Leo nilikwenda barazani. Bwana Nassibu amewaandikia wa kanisa mwenyewe, kwamba mzee amefariki bila kubatizwa na pendekezo limeondolewa. Wa Nairobi amewaomba waturefushie muda, hawajajibu, huenda wakakataa. Nikamuuliza sura ile ameiweka wapi. Akasema hiyo ni mali yake, mimi nadai nini? Kisha akasema nisiwe na wasiwasi, aliisomea mkewe, basi.

"Lakini kinaishaje sasa, binti Kasimiri? Watauliza."

"Anakunywa maji."

"Halafu?"

"Yana moshi."

Alifikiri. Akatia karatasi kwenye mashine.

14 Aprili

Mvua zimekwisha kabisa. Njia ya Ipole imeanza kuwa na vumbi.

Nimeanza upya tangu sura ya kwanza, asubuhi na alasiri, mtu mmoja. Nikafika pale msafara ulipokwama kwenye matope, Babu akaudaka wimbo wa kirangozi. Niliandika alichokisema kama alivyokisema, bila kusafisha, na nikacheka peke yangu kwa sauti. Halafu kile kicheko hakikusimama pale kinaposimamaga, kikapitiliza, nikaangusha kalamu nikalia hata meza ikatikisika. Mama alikuja mbio kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Nini? Umejikata?"

"Ni Babu," nikasema.

"Kafanya nini?"

"Kamtukana kirangozi."